Feni Isiyofika Mkorosho wa Pili

Siku chache kabla ya Idd, kompyuta yangu ya mapajani ilianza kuunguruma. Niliipeleka kwa dada mmoja hapa Masasi mwenye meza yake ya ufundi jirani na soko. Akaifungua, akapuliza vumbi la njano lililojazana kwenye feni, na harufu ikanipanda puani kabla sijajua ni ya nini. Salfa. Huku kwetu ukifika msimu wa kupulizia mikorosho hakuna kitu kisichoingiwa na salfa: nguo, sufuria, mito ya kulalia, mpaka feni ya prosesa iliyojifungia ndani ya boksi lake. Yule dada akachukua simu, akafungua kitu fulani cha kupimia kelele, akaisogeza karibu na feni, akanisomea namba. Akaweka feni nyingine, akasoma tena.

"Hii imepungua, dada. Unaona?"

"Ni hatua ngapi hiyo?" nikamuuliza.

Akanitazama, akaitazama simu yake, akaniuliza kama niko sawa. Nikacheka, nikamwambia ni mazoea tu ya zamani. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani na kompyuta yangu iliyotulia, nikalia kama mtoto.

Baba alikuwa fundi wa kompyuta Newala, enzi ambazo ukisema fundi watu wanauliza wa baiskeli au wa redio. Duka lake lilikuwa chumba kimoja karibu na stendi. Upande wa mbele Mama alichapa barua, maombi ya kazi na kadi za harusi. Upande wa nyuma, kwenye baraza inayotazama uani, Baba alikaa na kompyuta za mtumba zilizoletwa na basi kutoka Dar es Salaam, zimeviringishwa kwenye magodoro kama wagonjwa. Mji mzima ulimwita Baba Somoe. Somoe ndiye mimi, kifungua mimba wao, na kwa miaka kadhaa niliamini kabisa kwamba Baba hakuwa na jina lingine, kwamba kabla sijazaliwa watu walikuwa wakimpigia mluzi tu.

Kompyuta za wakati ule hazikuwa na haya. Ukiwasha moja, chumba kizima kinajua. Vumbi jekundu la Newala, salfa, na nyuzi kutoka kwa Fundi Bakari, mshonaji wa mlango wa pili, vyote viliishia kwenye ile feni ndogo inayokaa juu ya prosesa kuipoza. Mafuta yake yakikauka, inaanza kukoroma, kupiga mluzi, kugonga. Mimi nilidhani feni ndiyo inayofikiri. Niliona kompyuta ikipewa kazi ngumu feni inaongeza kasi, kazi ikiisha inapoa, basi nikajua akili iko pale. Darasani, tulipopewa hesabu za kugawanya, nilikuwa napumua kwa nguvu puani nione kama majibu yatakuja. Yalikuja makamasi.

Watu waliletea duka letu kelele kama wanavyopeleka mtoto mwenye homa zahanati. Karani alisema mkubwa wake hawezi kuongea na simu. Mwalimu mkuu alisema wanafunzi wanacheka. Baba alikuwa akiing'oa feni, anaiosha mapanga yake kwa mswaki wa zamani, anabandua kile kikaratasi cha katikati, anadondoshea tone la mafuta ya cherehani kutoka kwa Fundi Bakari, anakirudisha kikaratasi na kukikandamiza kwa dole gumba. Kisha anaipima.

Hakuwa na chombo cha kupimia kelele, na hata kama angekuwa nacho sidhani kama angekiamini. Alikuwa na miguu. Babu yangu, baba yake, alipanda mikorosho maisha yake yote, na mkorosho hupandwa hatua kumi na mbili kutoka kwa mwenzake, ili ukikua matawi yasigombane. Mtoto wa Newala huijua hatua kumi na mbili kabla hajajua kusoma. Basi Baba akaleta kipimo cha shambani kwenye kompyuta. Aliiweka feni juu ya kigoda, akaiunga kwenye nyaya za umeme za kompyuta mbovu, mimi nikashika swichi. Aliipa mgongo, akafumba macho, akaanza kutembea polepole kuelekea ua wa miti, midomo ikihesabu. Hapo ambapo hakuisikia tena alisimama na kunyoosha mkono wa kulia juu.

"Kumi na moja," angesema.

Na mimi ningeandika 11 ubavuni mwa feni kwa maka peni, kwa mwandiko wangu bora. Feni ya kumi na mbili kwenda juu tulisema imefika mkorosho wa pili, na hiyo haikuuzwa, ilirudi kwenye mafuta. Watu waliielewa lugha hiyo mara moja. Nakumbuka mama mmoja mwenye duka la picha akimwambia Baba, "Mie nitafutie isiyofika mkorosho wa pili, nna mtoto mchanga humo ndani." Hakuna aliyewahi kuja kurudia kupima. Namba ya Baba Somoe ilikuwa namba. Kama kuna kitu ambacho Baba alijivunia kuliko ufundi wenyewe, ni hicho, kwamba alichoandika ubavuni mwa feni watu walikichukua kwa macho yaliyofumbwa.

Sasa, nilikuwa nimeanza kujua kutoa na kujumlisha, na nilipenda namba kuliko watoto wengine wa rika langu, kwa hiyo niligundua jambo. Zamani, nilipoanza kushika swichi, feni nzuri ilikuwa ya kumi au kumi na moja. Mwaka uliofuata nzuri ikawa ya nane. Halafu saba. Halafu tano. Feni za Baba zilizidi kuwa kimya kila msimu, na kimya hicho nilikitangaza shuleni kama mtu anayetangaza mnada. Baba mwenyewe alikuwa akiinua ile chupa ya mafuta kwenye mwanga na kusema, "Tone moja tu, mwanangu. Watu wanaweka mawili, wanaharibu." Nilimwona kama mtu aliyeikamata siri ya dunia.

Kuna mambo mengine niliyaona siku hizo hizo na sikuyapanga pamoja. Msimu wa salfa, Baba aliamka alfajiri kabla ya duka kwenda shamba la ukoo wa Mama kupulizia. Ile mashine ya kupulizia hubebwa mgongoni, ina injini, na injini yenyewe inakaa nyuma ya shingo, inalia utadhani pikipiki imempanda mtu. Nilikuwa namfuata na ndoo ya maji, na ilipowashwa niliitua ndoo chini nikaziba masikio kwa vidole. Baba hakuweza kuziba. Mkono mmoja ulishika bomba, mwingine ulishika kishikio cha kuongezea injini mafuta. Alizunguka mkorosho kwa mkorosho, uso umekuwa wa njano, mpaka jua linapotoka na upepo kuanza. Halafu ananawa, anavaa shati, anakwenda dukani kusikiliza feni.

Nyumbani redio yetu ilikuwa imeanza kupiga kelele kuliko ya jirani. Ukimwita Baba kwa nyuma hakugeuka, na Mama alikuwa akisema kwa utani, "Baba Somoe siku hizi ana maringo, mpaka umletee barua." Na ulipoongea naye alikutazama usoni bila kupepesa, mdomoni hasa. Watu walimsifia kwa hilo. Walisema fundi yule anamheshimu mtu, anakusikiliza.

Kilichovunja mambo ni mbuzi. Tulikuwa tunapima, mimi kwenye swichi, Baba anatembea, mbuzi wa jirani akaingia uani na kwenda moja kwa moja kwenye ungo wa unga tulioanika. Nikaiacha swichi imewashwa, nikamkimbilia. Nilipomkamata shingo nilikuwa ubavuni mwa Baba kabisa, na ndipo aliponyoosha mkono.

"Tano," akasema, macho yamefumbwa, uso umetulia.

Nami nilikuwa naisikia. Naisikia vizuri, kama ninavyomsikia mbuzi.

Nilirudi nikaandika 5. Lakini Ijumaa, Baba alipokwenda msikitini, niliiweka ile feni kwenye kigoda, nikaiwasha, nikatembea. Nilijua miguu yangu ni mifupi, kwa hiyo niliruka kila hatua kama chura nisije nikamwonea. Kumi na mbili, bado naisikia. Kumi na tano, bado. Niliishia kwenye ua wa miti na mlio ule ulikuwa bado upo, mwembamba lakini upo.

Wiki zile zile ustadhi wetu wa madrasa alikuwa akitufundisha ubaya wa kupunja vipimo. Alituonyesha kwa mkono jinsi muuzaji anavyokandamiza mzani kwa kidole kimoja huku anakuchekea. Nilikaa kwenye mkeka nikitazama kile kidole cha ustadhi, nikaona mkono wa Baba ulionyooshwa juu. Nikajua. Baba alikuwa anasimama mapema. Kumbe siri ya dunia ilikuwa hiyo.

Ningeweza kumuuliza. Ningesema tu, "Baba, mbona mimi bado naisikia?" Angefumbua macho, angenitazama, na mambo yote yaliyofuata yasingefuata vile. Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi sana, kwa sauti ya mtoto mwema anayeuliza. Sikuuliza kwa sababu, niseme ukweli wangu, nilianza kuipenda ile hasira. Nilikuwa darasa la nne, mtoto mkubwa wa nyumba, wa kufagia na kubebeshwa wadogo, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho watu wazima hawakuwa nacho. Baba aliponipakulia kipande cha kuku nilikila nikimtazama kama hakimu.

Ndipo akaja Mwalimu Hilari. Alikuwa mwalimu wa kwaya, anaishi Lisekese, huku Masasi, na chumba kimoja cha nyumba yake alikuwa amekibandika magodoro ukutani ili arekodie nyimbo. Alipanda na pikipiki mpaka Newala kwa sababu alikuwa amesikia habari za fundi wa hatua.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za Lisekese?"

"Salama. Shida yangu moja tu. Waimbaji wananyamaza, mimi nanyamaza, kompyuta hainyamazi. Maiki inaisikia yenyewe kuliko inavyoisikia sauti ya kwanza."

Baba, aliyekuwa amemkodolea macho mdomoni muda wote, akacheka. "Isifike mkorosho wa pili?"

"Mie hata huo wa kwanza siutaki. Nitafutie inayofia hapo hapo ilipo."

Sijawahi kumwona Baba na furaha ya kazi kama wiki ile. Alipanga feni nane barazani. Alizipambanisha mbili mbili, kama timu za mtoano: anawasha hii, anatembea, anarudi, anawasha ile, anatembea, iliyoshindwa inawekwa kushoto kwenye mkeka. Kwanza alikuwa akiinama na kuweka sikio karibu kabisa, na kwa karibu alikuwa na maneno ya kila moja. "Hii inakoroma. Hii ina mluzi wa kike. Hii ina kidonda ndani, sikia inavyogugumia kila ikizunguka." Alibadilisha skrubu, akaweka vipande vya mpira wa ndala chini ya pembe nne ili mtetemo usiingie kwenye kasha. Mawazo yake yalikuwa mazuri. Ile ya mpira wa ndala nimeiona miaka ya karibuni kwenye feni za dukani, wameiweka kiwandani.

Mwisho ikabaki moja. Alitembea nayo mara nne, na mara zote nne mkono ulipanda kwenye hatua ya pili. Alirudi uso unang'aa.

"Fundi Bakari! Njoo usikie kitu."

Fundi Bakari akaja na futi yake ya shingoni. Akasimama. Akaitazama feni, akamtazama Baba, akaivua futi shingoni na kuikunja upya.

"Mie masikio yangu ya cherehani, Baba Somoe," akasema. "Ukisema mbili, ni mbili." Akarudi zake kwenye kazi.

Nikaandika 2. Niliikandamiza maka peni kwa hasira, namba ikatoka imepinda, na Baba akanishika kichwa akaniambia mwandiko huo si wangu.

Mwalimu Hilari alirudi baada ya muda usiozidi mwezi. Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa watu wanaosubiri barua zao kwa Mama. Alikuja na kasha la kompyuta yake, spika mbili ndogo na flashi, akasalimia kila mtu kama kawaida, kisha akaeleza. Kwaya ilikuwa imetoka Chiwata juu ya lori, akina mama waliacha mashamba yao, wameimba tangu asubuhi mpaka alasiri. Waliporudi kwao ndipo alipokaa na kusikiliza. Sasa mavuno ya korosho yalikuwa yameanza, na hakuna tena wa kuwaita. Hakupandisha sauti. Alichomeka flashi kwenye kompyuta ya Mama, akafungua wimbo.

Sauti zilikuwa nzuri. Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza aliyekuwa akipanda peke yake na wengine wanamfuata kwa chini, na watu dukani wakaacha kuongea. Na chini ya wote, tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, hata pale walipovuta pumzi, ilikuwepo feni yetu.

Baba alisikiliza ameinama, sikio karibu na spika.

"Wameimba vizuri sana," akasema. "Sasa kosa liko wapi, Mwalimu?"

Mtu mmoja nyuma akafyonya. Mwalimu Hilari akawa kama amepigwa kofi.

"Baba Somoe, usinitanie. Hiyo feni huisikii?"

"Sikutanii. Feni ile ni ya hatua mbili. Nimeipima kwa miguu yangu. Wallahi."

Laiti asingeapa. Uongo wa feni nilikuwa nimeuzoea, nimeuweka mfukoni kama changu, lakini kuapa kwa Mungu mbele za watu, Baba yangu, huku mlio wenyewe unalia palepale kwenye spika! Niliona moto kabisa, ule wa Jehanamu aliotuhadithia ustadhi. Nilitoka nyuma ya kiti cha Mama.

"Baba anajua," nikasema. "Anaandika uongo kwenye feni."

Baba akageuka. Alinitazama mdomoni, kisha machoni.

"Umesemaje, mwanangu?"

Nilidhani ananitisha kwa upole, kama wazazi wanavyofanya wakiwa na wageni. "Unaandika uongo kwenye feni," nikasema tena.

Akanisogelea, akachuchumaa mpaka nyuso zetu zikawa sawa, akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa unanuka mafuta ya cherehani.

"Umesemaje, Somoe?"

Nikapiga kelele. "Unapunja vipimo! Unanyoosha mkono na huku unasikia! Wewe mwongo!"

"We Somoe!" Mama alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka. Kwetu mtoto hamwiti hata kaka yake mwongo, husema tu kwamba anatania. Baba aliondoa mkono begani kwangu, akainuka taratibu kwa kushika ukingo wa meza.

Kule kuuliza mara mbili ndiko kulikomfumbua macho Mwalimu Hilari. Mtu wa kwaya anajua masikio. Alikwenda kwenye kasha alilolileta, akaifungua feni, akaiunga kwenye zile nyaya za barazani, akasema kwa sauti kubwa lakini ya heshima, "Baba Somoe, naomba ugeukie ukutani. Ikianza, sema."

Baba akageuka ukutani. Mwalimu akawasha. Feni ikazunguka. Fundi Bakari alikuwa amekuja mlangoni, akatazama chini. Sote tulikuwa tunaisikia, watu wa barua, Mama, mimi, na Baba amesimama ameupa ukuta uso, mikono nyuma, anasubiri kwa adabu kama mtoto wa shule.

"Washa basi, Mwalimu," akasema.

Mwalimu Hilari akamshika mkono, akamgeuza, akamwekea kiganja juu ya feni. Ilikuwa inatetemeka. Baba aliuacha mkono wake pale. Uso wake sikuweza kuutazama, niliutazama mkono.

"Kumbe," akasema.

Mwalimu hakudai kitu. Alisema atatafuta njia, aliomba radhi yeye, eti yeye, akapanda pikipiki akaondoka. Baba alichukua kitambaa na spiriti, akakaa barazani, akafuta namba zangu moja moja kwenye kila feni iliyokuwepo dukani. Fundi Bakari akaenda kukaa naye. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameshatambua tangu mwaka wa nyuma, na watu wengine wawili watatu pia. Waliona ni vibaya kumwambia mtu mzima habari ya mwili wake. Walikuwa wakipokea feni zao, wanazisikia zinalia, wananyamaza.

Mama alimpeleka Ndanda kwenye hospitali ya misheni, wakamwambia ni injini ya mgongoni, ya miaka mingi, na kilichokwenda hakirudi. Aliendelea kutengeneza kompyuta kidogo kidogo, zile zisizohitaji kusikilizwa. Kupima hakupima tena. Akiulizwa habari ya kelele alisema, "Nenda kwa vijana." Baada ya miaka michache sauti za watu nazo zikamwacha, akafunga duka.

Hakunigombeza hata siku moja. Nilisubiri. Nilikuwa radhi nichapwe, nilifagia uwanja bila kutumwa nikitumaini ataniita. Aliniita kwa mambo mengine yote, maji, chakula, daftari la shule, kwa upole ule ule. Swichi tu ndiyo hakuniita tena. Mimi nami nikakua, nikaenda bweni, nikapata kazi, nikajifunza kusema kwamba nilikuwa mtoto na mtoto hajui. Ni kweli sikujua kwamba Baba hasikii. Lakini nilikuwa na wiki kadhaa za kumuuliza, na nilizitumia kumhukumu. Mtu akiniambia nilikuwa mdogo namshukuru, na simwamini.

Idd ilipofika nikapanda Newala. Baba sasa hasikii kabisa. Ana daftari dogo lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, ukitaka kumwambia jambo unaandika, yeye anajibu kwa mdomo. Tulikuwa tumeshakula, wageni wameondoka, yeye yuko kwenye kiti chake upande wa kivuli. Nikachukua daftari. Niliandika kwa muda mrefu kwa sababu nilifuta mara nyingi. Mwisho yakabaki haya: Baba, siku ile ya Mwalimu Hilari nilikuita mwongo mbele za watu. Sikujua kwamba husikii. Nisamehe.

Aliinua miwani, akasoma. Akasoma tena. Baba hajui tena sauti yake ina ukubwa gani, kwa hiyo alijibu kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya shamba, na Mama jikoni akaacha kukuna nazi.

"Feni ndizo nilizokuwa sizisikii," akasema. "Hata mimi nilidhani ni yale mafuta. Wewe nilikusikia mara ya kwanza."

Nikavuta daftari, nikaandika: Mbona uliniuliza tena?

Aliisoma hiyo haraka. Aliifunga kalamu, akaizungushia uzi wake, akalikunja daftari magotini.

"Nilidhani utasema kingine."